Gumzo la kikundi "Majirani Lexington": Oscar na wanaokuja nyuma yake

Baba Rehema: Habari za jioni majirani. Nipo sebuleni na wanangu tunairudia ile mechi ya basketi ya Oscar Tshiebwe, senta wa Chuo Kikuu chetu cha Kentucky, dhidi ya Western Kentucky, Desemba 2021. Ribaundi 28 jamani!! mtu mmoja, mechi moja

Yaya Kazadi: 28 kaka 🙌🏾 Na pale Rupp Arena, uwanja ya Kentucky, rekodi ilikuwa ya Shaquille O'Neal, 21, ya 1990 wakati alikuya na chuo ya LSU. Mutoto ya Lubumbashi njo akaitosha

Mama Samweli: Samahani mnieleweshe, ribaundi ndo ule mpira uliokosa kuingia halafu mtu anaudaka?

Baba Rehema: Ndo huo mama. Na watu wanadhani ni urefu tu, siyo. Oscar ana futi 6 na inchi 9, kwa senta wa chuo, yule mrefu wa chini ya kikapu, huo si urefu wa kutisha, wapo waliomzidi kibao. Ila ukiangalia hii mechi usiangalie mpira, mwangalie yeye miguuni, mwenzake akirusha kutoka kona ya kushoto yeye kashaanza kuhamia kulia kwa sababu mpira wa kona ukikosa mara nyingi unaangukia upande wa pili, anamwekea beki nyonga kwenye paja, anashusha makalio chini, yule beki hawezi kuruka tena, halafu ndo anainua mikono yote miwili. Mpira unamkuta kasimama tayari. Na asipoweza kuudaka anaugonga juu kwa vidole, anaruka tena mara ya pili mara ya tatu wenzake wameshachoka

Mama Samweli: Kumbe ni kazi ya kusukumana

Baba Rehema: Kusukumana kwa akili mama. Na moyo. Mpira uliokosa hauna mwenyewe, anaupata anayeutaka zaidi

Asha: Msimu ule wa 2021-22 alimaliza na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, akabeba tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Kwa hapa Kentucky tuzo ya Naismith, mojawapo ya hizo, alikuwa ameishika Anthony Davis peke yake, 2012. Fikirieni wachezaji wote waliopita hapa

Yaya Kazadi: Miye nasema wazi, Oscar njo alifanya tujulikane hapa mujini. Mbele nilikuwa naambia watu natoka Lubumbashi, banauliza iko wapi. Nyuma ya Oscar banasema aaah, sawa Oscar! Boss yangu kazini, muzungu ya hapa hapa, alijifunza kusema Lubumbashi muzuri kabisa juu ya ule mutoto. Na Bismack Biyombo pia ni wa Lubumbashi, ila yeye hakupitia chuo ya Amerika, alipitia Ulaya

Mzee Bakari: Nyie mnamsifu sana na mimi nampenda, lakini tuseme ukweli. 2022 kwenye mashindano ya vyuo ya nchi nzima Kentucky walitolewa na Saint Peter's raundi ya kwanza, timu iliyopangwa namba 15 kwa ubora. Na 2023 NBA hawakumchagua kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya. Tuzo zote zile halafu timu 30 zote zikampita

Asha: Shikamoo mzee. Mechi ya Saint Peter's Oscar alifunga 30 na ribaundi 16, ilienda dakika za nyongeza wakafungwa 85-79. Yeye alifanya yake

Mzee Bakari: Marahaba mwanangu. Sijasema alicheza vibaya, nasema matokeo

Baba Rehema: Mzee wangu mi hapo napingana na wewe kwa heshima zote. Chuo ni chuo. Mtu hahitaji NBA imthibitishe ndo tuseme alikuwa mkubwa chuoni. NBA sa hizi wanataka senta anayerusha mipira ya pointi tatu na anayeweza kumkaba gadi, yule mfupi mwenye mbio, nje ya mstari, Oscar si wa hivyo, lakini usiku wa Machi 2023 alivyochukua ribaundi 25 dhidi ya chuo cha Providence nani alikuwa anawaza drafti? Na bado hakukata tamaa, Indiana Pacers wakampa mkataba mdogo, baadaye Utah Jazz, anakula kwa ribaundi zile zile

Yaya Kazadi: Kaka umesema. Na mutu asisahau ametoka wapi. Kule kwetu alikuwa anapiga mupira ya miguu, basketi alianza akiwa tayari kijana. Alikuya hapa 2015 bila Kingereza, wakamupeleka shule ya Mountain Mission kule Grundy, Virginia, nyuma Kennedy Catholic Pennsylvania, nyuma West Virginia kwa kochi Huggins. Kentucky alifika Januari 2021 kwa kuhama. Hakufika njia ya rahisi

Mzee Bakari: Hilo la njia nakubali mia kwa mia

Baba Rehema: Mi kila nikimwona namkumbuka Hasheem Thabeet wetu. Kijana wa Makongo Dar, futi 7 na inchi 3, akaenda chuo cha UConn 2006. Januari 2009 dhidi ya Providence alipiga pointi 15, ribaundi 11 na blok 10, yaani kuzuia mpira unaorushwa kikapuni, BLOK KUMI, mwaka huo UConn wakafika Final Four, timu nne za mwisho, na yeye akachaguliwa namba 2 kwenye drafti, James Harden akawa namba 3. Watu wanamkumbuka kwa NBA haikwenda vizuri, wanasahau chuoni watu walikuwa wanaogopa kuingia chini ya kikapu chake

Asha: Na juzi hapa Khaman Maluach. Msudani Kusini aliyekulia Kampala. Olimpiki ya Paris 2024 alikuwa na taifa lake bado hajaanza chuo, akacheza mwaka mmoja chuo cha Duke wakafika Final Four, Juni 2025 akachaguliwa namba 10. Nililia naye pale jukwaani alipoanza kuongea

Yaya Kazadi: Miye pia Asha. Machozi ya kweli

Mzee Bakari: Haya, na sisi hapa Kentucky, mwaka 2025 kochi Pope alimleta nani ndani?

Baba Rehema: Malachi Moreno mzee! Huyu wa hapa jirani, Georgetown, shule ya Great Crossing. Mr. Basketball wa Kentucky 2025, yaani mchezaji bora wa sekondari za jimbo, karibu futi 7. Kuna wazazi hapa kwenye grupu watoto wao walicheza dhidi yake. Na Jayden Quaintance alihamia kutoka Arizona State, ila yeye aliumia goti Februari 2025, ule ukano wa ACL, ikabidi asubiriwe taratibu bila haraka. Akiwa mzima ni mtu wa blok yule

Mzee Bakari: Moreno nampenda. Mtoto wa nyumbani anacheza kwa damu

Asha: Mi naomba tusihesabu tu zile nyota ambazo watu wa mtandaoni wanawapa vijana wa sekondari. Zach Edey wa Purdue alipokuwa anasajiliwa hakuwemo hata kwenye 400 wa kwanza nchini, utotoni kwao Toronto alikuwa anacheza hoki na besiboli. Akaja kuwa mchezaji bora 2023 na 2024, mara mbili mfululizo. Hawa warefu wanachelewa kuiva, mwili unakua kwanza akili ya mchezo inafuata. Kochi mzuri anaangalia mikono, miguu, na kama mtoto anafundishika

Mama Samweli: Sasa hapo ndo nilikuwa nataka kuuliza naogopa. Samweli wangu ana miaka 15, yuko darasa la 9, daktari alimpima ana futi 6 na inchi 6 na viatu sipati dukani naagiza. Kuna mtu kaniandikia anasema nimtumie dola 1,500 atampeleka kwenye kambi atakayoonwa na makochi wa vyuo. Nimekopa nusu kwa dada yangu. Nifanye nini

Baba Rehema: MAMA USITUME

Yaya Kazadi: Usitume mama, tafadhali

Asha: Mama Samweli usitume kitu. Mrudishie dada yako hela yake. Kambi halali zipo na zingine zinalipiwa, lakini hakuna mtu anayeweza kuuza macho ya makochi. Kwanza chuo cha Division I, lile daraja la juu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo, hakiruhusiwi kumwandikia mtoto wa kiume wa basketi wala kumpigia kuhusu usajili mpaka tarehe 15 Juni baada ya kumaliza darasa la 10. Samweli yuko la 9. Ana muda mama yangu

Mama Samweli: Asante Mungu. Sasa aonekane vipi?

Asha: Cha kwanza masomo, na hapa ndo watoto wetu wengi wanapokwama, si uwanjani. NCAA Division I wanataka kozi za msingi 16 za sekondari, Kingereza 4, hesabu 3, sayansi 2 na zinginezo, wastani wa alama, yaani GPA, usipungue 2.3. Na kati ya hizo 10 ziwe zimeisha kabla ya kuanza darasa la 12, yaani ukishtuka la 11 mwishoni umechelewa. Watoto waliokuja wakubwa wanawekwa kwenye madarasa ya kujifunza lugha, siyo kila darasa linahesabiwa, kwa hiyo nenda kwa mshauri wa shule umuulize kwa maneno haya: darasa hili liko kwenye orodha ya NCAA au haliko. Usiridhike na "atakuwa sawa tu"

Mama Samweli: Naandika

Asha: Cha pili makaratasi. Nyie mlikuja kama wakimbizi mna green card sivyo?

Mama Samweli: Ndiyo, tangu mwaka juzi

Asha: Basi Samweli akifika chuo yuko vizuri kuliko Oscar. Oscar alikuwa na viza ya mwanafunzi, ile F-1, akiwa ndani ya Marekani hakuruhusiwa kufanya kazi za NIL, yaani kulipwa kwa jina na sura yake. Ndo maana Agosti 2022 Kentucky walipokwenda Bahamas alizifanya kule kule nje ya nchi. Mchezaji bora wa nchi nzima, jezi yake kila duka la hapa, hela ya tangazo mpaka avuke bahari. Edey naye alibanwa hivyo hivyo. Mwenye green card ana haki ya kufanya kazi, hilo kwake halipo. Na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja

Mzee Bakari: Subhanallah. Hili mimi sikulijua

Yaya Kazadi: Njo pale ninamupenda zaidi Oscar. Alirudi mwaka wa pili na ile tabu yote ya viza. Akaongoza tena Amerika muzima na ribaundi, 13.7

Baba Rehema: Mama Samweli na uwanjani mlete kwangu. Jumamosi asubuhi huwa nawapeleka vijana Douglass Park, pale pale panapochezwa Dirt Bowl wakati wa kiangazi, tangu 1967 ile ligi ipo, makochi wa shule za hapa wote wanapajua. Sitamfundisha kudunki, huo urefu utadunki wenyewe. Nitamfundisha kuweka nyonga na kusoma mpira unaangukia wapi. Kochi wa shule yake anaitwa nani? nitampigia mi mwenyewe

Mama Samweli: Nitakutumia namba baba. Ila ni mpole sana, akisukumwa anaomba msamaha yeye

Yaya Kazadi: 😂 Mulete tu mama. Watoto wangu wawili bako pale, batamuzoesha

Baba Rehema: Upole wa nje hauna shida. Muulize tu kitu kimoja, mpira ukikosa anaenda au anasimama kuangalia?

Mama Samweli: Nimemuuliza hapa. Anasema anaenda, ila wenzake wanamwambia anawanyang'anya

Baba Rehema: HUYO HUYO!! Saa 3 asubuhi Jumamosi, aje na maji

Mzee Bakari: Nami nakuja na kiti changu nimwone

Asha: Mama usisahau kumblok yule mtu wa dola 1,500. Na ukienda kwa mshauri wa shule niambie siku, nipo off Jumanne na Alhamisi, nitakusindikiza nikutafsirie

Mama Samweli: Nimeshamblok. Alhamisi basi mwanangu, saa 2 asubuhi nikupitie