Naombeni ushauri: mwanangu asomee nyumbani?

Mama Tumaini, Kimara

Habari za jioni wanajamvi. Mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu shule ya mchepuo wa Kiingereza. Basi la shule linampitia saa kumi na moja alfajiri, na kwa foleni ya Morogoro Road anarudi saa kumi na mbili jioni. Anafanya kazi za nyumbani huku anasinzia. Zamani alikuwa mtoto wa maswali: kwa nini mjusi anakata mkia, kwa nini maji ya bahari yana chumvi. Siku hizi ananiuliza kitu kimoja tu, "Mama, kesho ni Jumamosi?"

Dada mmoja ninayesali naye anawafundisha wanawe mwenyewe. Mimi nashonea nguo hapahapa nyumbani, muda ninao. Mume wangu hataki hata kusikia, anasema ni mambo ya Wazungu na mtoto atakosa cheti. Mama mkwe naye ameshaniita kikao. Hili jambo limetoka wapi, na kuna aliyelijaribu hapa Dar?

Mzee wa Chaki

Pole binti yangu. Nimeshika chaki miaka 31, nisikilize kidogo.

Hilo la Wazungu ni nusu tu ya ukweli. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba Afrika kukosa shule kabla ya ukoloni hakukuwa na maana kuwa watoto hawakuelimishwa. Walijifunza kwa kuishi na kutenda. Baba yangu alijua nyavu, pepo na mwezi kabla hajaijua herufi moja.

Hii ya sasa, ya mzazi kumtoa mtoto shule kwa makusudi, ndiyo imekolea Marekani. John Holt alikuwa mwalimu wa darasani. Aliona watoto wanabahatisha jibu analolitaka mwalimu kwa kuogopa kukosea, na kufikiri kumekwisha. Kwanza alitaka shule zibadilike. Alipokata tamaa akawageukia wazazi, na 1977 akawaanzishia jarida. Raymond na Dorothy Moore, Waadventista, wao walishikilia kwamba mtoto mdogo asiharakishwe darasani. Wazazi wengine walifikishwa mahakamani. Hadi 1993 ndipo jambo hili likawa halali katika majimbo yote 50. Ujerumani bado wanakataza. Kwa hiyo hata huko kwao hawajakubaliana.

Ila nikuulize: kinachomchosha mtoto ni shule, au ni basi?

Mama Wawili, Tabata

Dada, mimi nilijaribu mwaka na nusu. Kosa langu la kwanza niligeuza sebule kuwa darasa, na ubao na ratiba ya ukutani. Tuligombana kila siku, mimi na mtoto wote tunalia.

Kilichoniokoa ni njia ya Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki 1923. Masomo mafupi, kitabu kizuri, kutoka nje kuangalia miti na ndege, halafu mtoto asimulie kwa maneno yake alichosikia. Nilipofika hapo kwenye kusimulia nikasema, kumbe hili ni letu, bibi zetu walitulea kwa hadithi! Ijumaa tulikwenda soko la samaki Feri, anapiga hesabu za mafungu, anatofautisha changu na kibua. Njia ya Holt, ya kumwacha afuate udadisi wake, ilinishinda. Miezi miwili hakugusa hesabu, nikaogopa.

Nilimrudisha shule kwa sababu ya upweke. Asubuhi mtaa mzima hakuna mtoto wa kucheza naye. Hilo lifikirie sana.

Mdau wa Sheria

Usimtoe kimyakimya. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe na ahudhurie shule, na mzazi anaweza kuwajibishwa. Anza kwa afisa elimu kata. Kuhusu cheti, mtihani wa kumaliza msingi unafanywa kupitia shule. Kidato cha nne mtu anaweza kuwa mtahiniwa wa kujitegemea, na ambaye hakupita sekondari anatanguliza Mtihani wa Maarifa. Njia ipo, ila ni ndefu, na mumeo hajakosea kuiwaza.

Mama Tumaini, Kimara

Asanteni sana. Baba, swali lako la basi nililala nalo. Shule ya serikali iko dakika kumi kwa miguu kutoka hapa, na haina ada. Sikuwahi kuifikiria kwa sababu ya Kiingereza. Baba Tumaini amekubali twende wote Jumatatu tukaone madarasa na idadi ya watoto, kisha tupite kwa afisa elimu.

Jana sikumpa kazi za nyumbani. Nilimwambia anisimulie chochote alichokiona dirishani kwenye basi. Alianza na pikipiki iliyobeba kitanda, akaenda hadi saa tatu usiku.