Naomba ushauri: ndege wa ufuoni wananikimbia, na nikiwapata wanatoka weusi

Mwana_Kilifi
Hamjambo wenzangu. Nina kamera ya mkono wa pili na lenzi ya milimita 70 hadi 300, nimeinunua kwa akiba ya miaka miwili. Ndege nawapenda tangu utotoni. Babu yangu akinionyesha sululu alikuwa akisema, "Huyu mgeni, mwezi wa nne anarudi kwao." Sasa kaskazi imeanza kuvuma, wageni wamejaa, na mimi nahangaika.

Jumamosi tatu mfululizo nimeondoka na matatu ya saa kumi usiku hadi Watamu niwahi ufuoni kabla ya jua, maana kila video ninayotazama inasema mwanga mzuri ni wa alfajiri. Nikifika naona madoa tu, mbali. Nikisogea hatua hamsini, wote juu. Wachache niliowapata wamekuwa vivuli, mwili mweusi na bahari nyeupe nyuma. Ninaowataka hasa ni wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama kisu, Dromas ardeola, na hata jicho lao sijawahi kuliona kwenye picha. Je, niuze lenzi hii nijazie nitafute ya 600?

Mpwa_wa_Nahodha
Kaka, usiuze kitu. Kwanza, pwani yetu inatazama mashariki. Alfajiri jua linatoka baharini, nawe umesimama nchi kavu ukilielekea. Ndege yuko katikati, atakosaje kuwa mweusi?

Pili, ulitazama maji kabla ya kupanda matatu? Ndege hawa hawafuati saa, wanafuata maji. Yakipwa wanatawanyika kwenye tope na miamba kutafuta kaa na minyoo, hapo huwawezi hata uwe na lenzi ya mita moja. Yakianza kujaa yanawasukuma kuja juu, hadi wanabanana kwenye kipande kidogo cha mchanga. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku moja mbili baadaye, kwetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Basi wewe fika saa saba mchana, kaa juu ya alama ya maji, jua likiwa linashuka mgongoni mwako. Maji yatakuletea. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika hamsini. Na ndani ya hori ya Mida, hapo karibu na Watamu, maji huchelewa kidogo kuliko baharini.

Dada_wa_Lenzi
Nakubaliana na hapo juu, nami niongeze la kamera. Milimita 300 zinatosha ndege akija mwenyewe. Hiyo 600 ukiitumia mchana kupiga ndege aliye mbali, joto linalopanda kutoka kwenye tope linafanya picha icheze kama unatazama ndani ya maji yanayochemka. Hakuna lenzi inayoponya hilo.

Ndege mweupe juani anaungua haraka kwenye picha. Punguza mwanga kidogo kuliko kamera inavyotaka, piga picha moja, ikuze kwenye kioo uangalie manyoya ya kifuani. Kama ni weupe mtupu bila mstari wa unyoya, punguza tena. Anayetembea mpe spidi ya 1/1000 ya sekunde, anayeruka 1/2000. Halafu lala kifudifudi, viwiko mchangani, kamera juu ya mfuko uliojazwa mchanga. Ukipiga umesimama unapata mgongo wa ndege na mchanga. Ukilala unapata jicho lake, na nyuma yake maji yanakuwa rangi tupu. Ukirudi nyumbani, futa kamera na kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji matamu. Chumvi haingoji kesho.

Mwana_Kilifi
Ahsanteni sana. Kumbe nilikuwa nakwenda maji yakiwa mbali. Lakini nikishalala pale, nikitaka kusogea kidogo, nifanyeje wasiruke?

Mhesabu_Ndege
Usisogee, ndugu yangu. Hili naliomba kwa moyo wote. Watazame akina mama wanaookota chaza na vijana wanaochimba chambo: wanapita karibu na ndege hao kila siku bila kuwashtua, kwa sababu wanainama, wanakwenda huku na huku, hawana haja nao. Anayewatisha ni mtu aliyesimama wima anayewajia moja kwa moja.

Na kila wakiruka wanachoma mafuta. Vitwitwi wale wenye mdomo uliopinda kidogo, Calidris ferruginea, wanazaliana kaskazini mwa Siberia. Mafuta ya safari hiyo wanayatafuta hapa, kwenye tope letu. Wakiinua vichwa wote pamoja na kuacha kujisafisha, hiyo ndiyo dalili kwamba wako karibu kuruka. Ganda hapo hapo. Mwezi wa nne usikose kwenda, utawakuta kifua kimeanza kuwa chekundu kama matofali, wamevaa vazi la kwao kabla ya kuondoka.

Kama ufuo una watu wengi, nenda Mida, kuna daraja la kamba linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia. Kiingilio kinasaidia karo za watoto wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Nacho kibanda kinakuficha kuliko kitu chochote utakachonunua.

Bint_Maskati
Salaam kutoka Oman. Hao unaowataka, mwanangu, wanazaliana huku kwetu upande wa Ghuba na Bahari ya Sham. Wanachimba mashimo kwenye mchanga wa visiwa, na humo jike hutaga yai moja tu, jeupe. Wengine hubaki huku msimu mzima, Barr Al Hikman utawaona makundi kwa makundi, na wengine huteremka hadi kwenu. Ukipiga picha, tafuta wawili wawili. Mtoto anafuatana na mzazi hadi huko na bado analishwa.

Mwana_Kilifi
Nimerudi jana, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Nilikaa Mida tangu saa saba. Hadi saa tisa hakuna kitu, nikaanza kukata tamaa. Kisha maji yakaingia polepole kati ya mizizi ya mikoko, nao wakaja wakitembea kwa miguu, kumi na mmoja, wakisimama na kukimbia, kusimama na kukimbia. Mmoja alinasa kaa, akampigapiga kwenye tope hadi miguu ikakatika, akammeza. Nilisikia gamba likivunjika. Picha nimeiambatisha, sikukata pembeni hata kidogo. Bint Maskati, yule wa kijivu aliye nyuma ndiye mtoto?

Bint_Maskati
Ndiye. Tazama alivyoukunja mgongo. Anaomba.