Tupeane uzoefu: wasanii mnaoishi mitaa ya watu wa Karibiani huko nje, mlipokelewaje?

Wadau salama? Uzi huu ni wa wasanii wa kwetu tuliojikuta tunaishi mitaa ya watu wa Karibiani, iwe Brooklyn, London, Toronto, popote. Watu wanadhani ukitua Marekani utapokelewa na Waswahili wenzio, mimi walionipokea ni Watrinidad na Wajamaika na naona hatuwasemi vya kutosha. Naanza.

Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, nimejifunzia Dar, Oysterbay. Brooklyn nilipanga chumba cha chini kwa mama mmoja wa Trinidad kule Flatbush. Sasa wanaojua wanajua, hii sanaa inataka rangi ya kung'aa, ile ya baiskeli aliyokuwa anatumia mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza 1968, na ina harufu kali. Januari ya New York dirisha hulifungui, picha siku ya tatu bado inanata na harufu imeshapanda mpaka jikoni kwa mama. Nikasema hapa nafukuzwa. Akashuka, akasimama mbele ya ile picha, kimya, halafu akaniuliza mikono yako inaiweza waya?

Nikamwambia mama mimi nimekulia Tandale, magari ya waya nimetengeneza mpaka yenye usukani yanayokata kona. Basi ilipofika Julai akanipeleka mas camp, yaani kambi ya kutengenezea mavazi ya kanivali (lile gwaride la muziki na mavazi la watu wa Karibiani), ni fremu ya duka tu wamekodi kwa miezi michache, feni inazunguka, manyoya mpaka kwenye chai. Fundi wa waya, mzee wa miaka 70 hivi, hakuniuliza karatasi wala nimesoma wapi, alinipa koleo. Nikakunja bawa la ndege nikalikaza vizuri kabisa najua nimemaliza, akalitikisa mara moja akalifungua lote. Akanionyesha kwamba bawa likikaza sana litakatika mtu akiruka, lazima libaki na mtetemo, maungio unayafunga kwa tepu ili yacheze. Nimechora miaka 11 sikuwahi kufikiria kitu changu kitavaliwa na mtu anayeruka!

Jumatatu ya kwanza ya Septemba nikatembea pembeni ya lile vazi kwenye barabara ya Eastern Parkway, kuanzia Utica Avenue hadi Grand Army Plaza, koleo mfukoni, maana likikatika katikati ya watu wewe ndo wa kulishona palepale. Kanivali hiyo zamani ilikuwa Harlem, Brooklyn imeingia 1969.

Hela? Hakuna ya maana, wengi wanajitolea, unalishwa pelau. (Ndiyo pilau ile ile ila wao wanaunguza sukari kwanza na wanatia mbaazi.) Lakini kupitia pale nimepata kuchora ukuta wa kinyozi, kibao cha duka la roti, kitambaa cha nyuma ya jukwaa la kanisa. Wakati huohuo nyumba moja ya sanaa Manhattan ilitaka simba na Wamasai tu, ikakata nusu ya bei na malipo yalikuja baada ya miezi 7. Nani alinithamini hapo?

Gitaa la Kisumu (Toronto):
Mkuu umenigusa sana. Mimi napiga benga, nilikaa Eglinton West, ile sehemu wanaita Little Jamaica, wanamuziki wa reggae wa Jamaika akina Jackie Mittoo na Leroy Sibbles wote waliwahi kuishi huu mji. Kinyozi wangu Mjamaika alinipa kona ya kupigia Jumamosi, watu wananyolewa mi napiga, wazee wananiambia hiyo besi yako inakimbia sana kijana, ipe nafasi. Nimejifunza kunyamaza kati ya noti pale, sio shuleni. Ila ule ujenzi wa reli ya Eglinton ulioanza 2011 ulituumiza, barabara imechimbwa miaka na miaka, wateja hawana pa kupaki, na yule kinyozi akafunga. Bado inaniuma. Halafu mchicha ulinipa raha, wao wanauita callaloo, ni ule ule wa kwetu!

Binti Shanga (London):
Mimi nashona shanga, Notting Hill, kila mwaka kuanzia Mei mpaka kanivali ya mwisho wa Agosti. Bibi aliyenifundisha kupanga rangi ametoka Dominica, ananiita "my African" na mwanzoni sikulipenda hilo jina, sasa nikikaa wiki bila kulisikia nampigia simu. Mjue pia hii kanivali ilikotoka: weusi walishambuliwa mitaa hii 1958, na Januari 1959 Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, akaandaa kanivali ndani ya ukumbi wa St Pancras. Kwa hiyo ukiona mtu analala saa 9 usiku kwa ajili ya shanga usidhani ni starehe tu.

Kijana wa Ilala:
Kaka mleta uzi, na ile rangi uliifanyaje? Mi nakuja mwakani, nachora pia.

Mleta uzi:
Mdogo wangu karibu sana. Kipindi cha baridi napiga usuli kwa akriliki, haina harufu. Mistari na madoa ya mwisho nayasubiri mpaka Mei, natoa meza nje kwenye ngazi za mbele, mama anakaa pembeni ananishikia kopo na kila anayepita anamwita aje aone. Brashi njoo nazo.