Kikundi: Watoto wa Mama 🌴

*Rehema:* Asalam alaykum jamani. Yule dada wa tiba kwa vitendo, anayesaidia wagonjwa kwenye shughuli za kila siku, ndo katoka kwa mama sa hivi, kakaa masaa mawili. Nawaandikia kabla sijasahau, someni wote

*Kaka Salim (Dar):* Waalaykum salaam. Kamuuliza leo siku gani, rais nani?

*Rehema:* Hata! Na mimi nilidhani ni maswali kama ya kliniki, nikawa na wasiwasi maana mama kwa siku anatoa maneno mawili matatu basi. Kanihoji mimi, mama alikuwa anafanya kazi gani, anapenda nini, anatumia mkono upi, nikamwambia kasuka mikeka maisha yake yote. Halafu akasema nifanye kama kila siku, nimgeuze nimvue nimlishe, yeye anaangalia anaandika

*Zuhura (Muscat):* Kasema atapona?

*Rehema:* Hapana dada. Ugonjwa wa kusahau uko hatua za mwisho, haurudi nyuma. Anatafuta mama bado anaweza nini na nini kinamuumiza

*Rehema:* Mnajua akioga anapiga kelele ananisukuma, tukawa tunasema mama kawa mkaidi. Kumbe kuna kipimo cha maumivu kwa mtu asiyeweza kusema, wanaangalia pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anabembelezeka, kila kimoja 0 mpaka 2, jumla 10. Akiwa katulia alipata 1. Nilivyonyanyua mkono wa kushoto kumvua gauni ikafika 7. Bega jamani! Miezi yote nilikuwa nauvuta mkono ule ule. Nimelia mbele ya mgeni

*Mjomba Hamadi:* Usilie mwanangu. Hukujua, na yeye hakuweza kukwambia

*Rehema:* Kuvaa tunaanza na mkono mbovu, kuvua ndo unakuwa wa mwisho. Magauni ya kufunguka mbele au kanga tu. Na daktari alione bega, pengine apewe dawa kabla ya kuoga

*Asha:* Na kula shangazi? Bibi bado anakohoa?

*Rehema:* Anakohoa sababu namlisha nusu kalala, chakula kinataka kupita njia ya hewa. Leo tumemkalisha kwenye kiti, mito ubavuni, miguu juu ya kigoda isining'inie, kidevu kishuke kidogo, na akimaliza abaki amekaa nusu saa. Dada kakaa mbele yake wanaonana, kampa kijiko mkono wa kulia, wake akauweka CHINI ya mkono wa mama wakapeleka pamoja. Mara ya nne mama kapeleka mwenyewe. Mwenyewe!! Mwaka mzima namlisha kama mtoto

*Zuhura (Muscat):* 😭😭 Allahu akbar

*Rehema:* Na ule mkono wa kushoto unaojikunja, kucha zilishaanza kuchimba kiganja. Dada akamuwekea miyaa ya kusukia mikeka mapajani, akakaa kimya tu. Mama hakusuka ila vidole vikaanza kupishanisha, ngumi ikafunguka yenyewe taratibu. Tukazikata kucha pale pale

*Kaka Salim (Dar):* Nitume hela ya kitanda cha hospitali?

*Rehema:* Kaka, godoro kwanza. Kisigino kimoja kimebadilika rangi na kina joto, ndo kidonda kinavyoanza. Ageuzwe kila masaa mawili hata usiku

*Kaka Salim (Dar):* Usiku nani anamgeuza?

*Rehema:* Mimi

*Rehema:* Mwisho kaniuliza nalala masaa mangapi, mgongo unaniuma wapi, nani ananisaidia kumnyanyua. Nikanyamaza. Akaandika hivyo hivyo, na kasema kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti ni kazi ya watu wawili

*Kaka Salim (Dar):* Nisamehe mdogo wangu. Kila mwezi natuma hela nikijua nimemaliza. Godoro nalinunua leo, Ijumaa nakuja mwenyewe nakaa wiki mbili, usiku ni zamu yangu, utanionyesha

*Asha:* Baba tunakuja wote, mi niko likizo

*Zuhura (Muscat):* Mimi namlipa binti wa kusaidia asubuhi, mtafuteni anayejua kumshika mtu mzima kwa adabu

*Mjomba Hamadi:* Miyaa aliyopewa ni mikavu au mibichi?

*Rehema:* Mikavu mjomba, ya zamani ile, inakatika

*Mjomba Hamadi:* Naiweka laini kwenye maji usiku huu. Kesho baada ya alasiri nipo hapo