Laki tisa: i7 ya kizazi cha 6 au ThinkPad T480?

Mwanagenzi wa Mbagala

Habari za jioni wakuu. Nisaidieni kabla sijaliwa hela. Najifunza kutengeneza programu za Android kwa Kotlin, huu ni mwezi wangu wa nne. Natumia laptopu ya shemeji, RAM GB 4, diski ya ile ya kuzunguka. Nikitaka kufungua Android Studio nabandika kwanza maharage, na mara nyingi maharage ndiyo yanayotangulia kuiva. Emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta ya kujaribia programu, sijawahi kuiona ikiwaka mpaka mwisho.

Nina 900,000. Kariakoo nimeziona mbili, bei zinakaribiana. Ya kwanza ina prosesa ya Intel i7 kizazi cha 6, RAM 8, nyembamba, kibodi inawaka taa. Ya pili ThinkPad T480, i5 kizazi cha 8, RAM 8, nene, kona imekwaruzika. Muuzaji anasema i7 ni i7 tu. Moyo wangu uko huko.

Kibodi Kavu

Jichange kidogo uchukue MacBook Air M1. Utanikumbuka.

Babu Terminali

Mdogo wangu, hapo unauziwa stika. Hizo i7 nyembamba za kizazi cha 6 kwa kawaida zina kore 2, yaani vichwa viwili tu vya kufanya kazi. i5 ya T480 ina 4, na Gradle, kile chombo cha Android Studio cha kujengea programu, ikianza kujenga mradi inazihitaji zote. Tena Windows 11 kirasmi inaanzia kizazi cha 8 kwa Intel, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025.

Lakini mimi ningeanza na RAM. Mwaka 2019 nilinunua laptopu nyembamba kama sahani, RAM 8, nikajipa moyo kwamba nitaongeza mbele ya safari. Siku ya siku nikaipeleka kwa fundi. Akatoa skrubu moja moja, akazipanga kwenye kifuniko cha soda, akaigeuza bodi chini ya taa na kunionyesha kwa ncha ya bisibisi: "Braza, tundu la RAM unaliona wapi hapa?" Imechomelewa yote. Niliiuza kwa hasara, na hela ya ufundi nikalipa.

T480 ina nafasi 2 za RAM, hata 32 inabeba. Ila soma jina vizuri: T480s ni kitu kingine, RAM yake nyingine imechomelewa, nafasi ya kuongeza ni moja tu. Na M1 ni mashine nzuri, sibishi, ila RAM yake haiongezwi, ukinunua ya 8 utazeeka nayo na 8 yake. Wewe huandiki programu za iPhone, haraka ya nini?

Mwanagenzi wa Mbagala

Duh. Sasa nikifika dukani nikague nini?

Babu Terminali

Nenda mchana, usiende jioni una haraka ya daladala. Iwashe huku unabonyeza F1. Ikikudai nenosiri hapo, irudishe mezani uondoke. Nyingi zilikuwa za makampuni ya nje, na nenosiri la BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine, haliondoki hata ufomati mara mia. Diski iwe SSD, siyo ile ya kuzunguka. Kisha fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uliobaki leo. T480 nyingi zina betri 2, ya ndani na ya kuchomoa, kwa hiyo kagua zote. Fungua Notepad ubonyeze kila herufi, muuzaji akinuna anune. Kona iliyokwaruzika ndiyo ya kuombea punguzo.

Kibodi Kavu

Na chaja uondoke nayo, usikubali "njoo kesho".

Mwanagenzi wa Mbagala

Nimerudi wakuu. T480 ya kwanza ilidai nenosiri, muuzaji akaingia stoo akatoka na nyingine. Hiyo ndiyo niliyochukua, na RAM nyingine ya 8 juu, imebaki nauli. Emuleta imewaka! Nimekaa kuichezea mpaka maharage ya shemeji yameungua.