Carina TI: nataka kubadili taa na geji za dashibodi, mafundi wananichanganya

Mwana wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijaharibu gari.

Nina Carina TI, AT212 yenye injini ya 5A, ya mwaka 2000. Naishi Morogoro, wazazi wako Iringa, kwa hiyo mwezi haupiti bila kupanda mlima Kitonga, na mara nyingi naondoka jioni nikitoka kazini. Balbu za klasta (kile kisanduku cha geji mbele ya dereva) upande wa kulia zimekufa moja baada ya nyingine. Usiku spidi naiona mpaka 80, kuanzia hapo ni giza. Geji ya mafuta naisoma kwa tochi ya simu.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa katikati ya hifadhi ya Mikumi, nimeinamia dashibodi natafuta mshale wa mafuta. Nilipoinua macho, pundamilia wawili walikuwa wanamalizia kuvuka barabara mbele yangu. Nilipotoka hifadhini nilisimama pembeni mpaka mikono ikatulia. Nikasema hapa hapana, lazima nishughulike.

Sasa kwa kuwa klasta itafunguliwa, natamani nipendezeshe kabisa. Gari hili nalipenda, nimelinunua kwa jasho na sina mpango wa kuliuza. Nimeshanunua balbu za LED za bluu Kariakoo. Fundi wa kwanza anasema atang'oa mishale aipake rangi nyekundu, abandike uso mweupe kwenye geji, na taa zote za tahadhari aziweke LED pia. Wa pili kaniambia nikigusa mishale nimekwisha. Kila mmoja anaongea kwa uhakika.

Kingine, nataka kuongeza geji ya joto la injini. Kitonga inanitia hofu na ile ya kiwandani siielewi: inakaa katikati siku zote, iwe nateremka au napanda.

Nimetenga laki na nusu. Nianzie wapi?

Geji Tatu

Hongera kwa kutunza TI mkuu, hizo gari ni imara sana. Weka bluu usisikilize watu. Volkswagen walitumia mwanga wa bluu na mishale myekundu miaka mingi, kuanzia Golf ya 1997, na watu waliendesha vizuri tu. Usiku inapendeza mno.

Fundi Waya

Mkuu, nafanya umeme wa magari mwaka wa kumi na nne huu, na klasta ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Nisome taratibu.

Kwanza kabisa, toa hasi ya betri, kisha subiri. Toyota wenyewe wanataka isipungue sekunde 90 kabla hujagusa chochote karibu na eabegi (mfuko wa hewa wa usalama), maana umeme wake hubaki umehifadhiwa kwa muda hata betri ikiwa nje. Ukikutana na waya au plagi za rangi ya njano chini ya usukani, hizo ni za eabegi. Ziache zilivyo, na usizipime kwa testa ya balbu.

Ukishaitoa klasta, igeuze uangalie mgongo wake. Utaona soketi za plastiki za kuzungusha robo duara. Kubwa hubeba balbu za T10, ndogo za T5. Kwa Toyota za umri huo balbu ndogo ni za wati 1.4 na kubwa ni wati 3.4 mpaka 5. Joto lake ndilo linalochoma soketi zikawa kahawia na kulegea, kwa hiyo usinunue balbu tu. Kagua soketi, safisha shaba zake, na iliyolegea ibadilishe. Nimeshaletewa klasta nyingi zinazosemwa balbu zimeungua, kumbe balbu nzima, mguso ndio mbovu.

Sasa rangi. Kabla hujaweka hizo za bluu, chomoa balbu moja ya zamani uangalie ule mwanga wa kijani wa klasta yako, kijani chake kinatoka wapi. Kama kinatoka kwenye kofia ya mpira iliyovaa balbu, vua kofia, utapata rangi ya LED yako. Kama kimepakwa nyuma ya uso wa geji, LED ya bluu itapita kwenye kijani na utapata mwanga hafifu uliopooza, pengine mbaya kuliko ulionao leo. Rangi iliyopakwa hupitisha rangi inayofanana nayo na kuzuia nyingine. Nyekundu nyuma ya kijani huoni karibu kitu. Kwa hiyo kama ni ya kupakwa, weka LED za kijani au nyeupe yenye joto.

LED ina upande wa chanya na hasi. Isipowaka itoe, igeuze, irudishe. Jaribu zote kabla hujafunga skrubu hata moja, na ujaribu ukiwa umezungusha dimu (kitufe cha kupunguza mwanga wa dashibodi) kutoka mwisho hadi mwisho, maana LED nyingine zikipunguzwa hupepesa au huzima ghafla badala ya kufifia.

Halafu kuna madoa. Balbu ya waya humwaga mwanga pande zote, lakini LED nyingi humulika mbele tu. Matokeo yake namba moja inawaka kama tochi na ya jirani yake iko gizani. Tafuta zile zenye vipande vya mwanga ubavuni. Ukikosa, chukua msasa laini usugue kichwa cha LED mpaka kiwe na ukungu. Mwanga unatawanyika vizuri.

Na hili nalisisitiza: TAA YA CHAJI, ile yenye picha ya betri, usiiwekee LED. Iache na balbu yake. Kwenye magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha altaneta ianze kuchaji. LED hupitisha umeme kidogo mno. Nililetewa gari limebadilishiwa altaneta mara mbili na bado halichaji ukiliwasha mpaka ukanyage mafuta sana. Nilirudisha balbu ya waya, ikaisha. Mwenyewe alikaa chini akashika kichwa akihesabu hela aliyotumia.

Taa nyingine za tahadhari usizibadili rangi. Nyekundu ni simama, njano ni kagua. Mtu mwingine akiazima gari lako azielewe.

Bi Nuru

Mwanangu wa Kihonda, mimi si fundi, ni dereva tu. Nina miaka 58 na naendesha Dodoma–Dar kila baada ya wiki chache kwa biashara zangu. Kijana wangu aliniwekea taa za bluu kwenye gari langu la zamani akidhani ananifurahisha. Usiku wa kwanza namba zilikuwa zinaelea, zimezungukwa na ukungu, nikadhani nimepata mtoto wa jicho. Nikaenda hospitali. Daktari wa macho akanieleza kwamba jicho linapata shida kuikusanya bluu sehemu moja, na kadiri umri unavyokwenda ndivyo mwanga huo unavyotawanyika zaidi ndani ya jicho. Nilizitoa wiki hiyohiyo.

Umesema wazazi wako Iringa. Kama baba naye hushika usukani wakati mwingine, mfikirie na yeye.

Geji Tatu

Shikamoo mama. Nimekuelewa. Na niseme ukweli, hata hao Volkswagen baadaye walihamia nyeupe, Golf ya sita ilikuja na taa nyeupe. Kwenye bluu narudi nyuma.

Ila kwenye mishale nina ya kusema, maana niliipaka yangu mwenyewe na nikaijutia. Mshale unapimwa uzito, na huo mkia mfupi upande wa pili wa kitovu ndio unaousawazisha. Ukiongeza matabaka mawili ya rangi mbele umeuvuruga. Wangu ulianza kuchelewa kurudi, na kwenye rasta (vile vituta vidogo vya barabarani) unacheza kama jani. Halafu mshale mwingi hubeba mwanga ndani yake kutoka kitovuni, na rangi yake ya kung'aa imepakwa nyuma. Ukipaka juu umeuziba, usiku hauwaki.

Kung'oa ndiyo hatari zaidi. Fundi aliyenifanyia alivuta kwa bisibisi upande mmoja, kijiti cha katikati kikapinda. Aliporudisha akaukalisha kwa kukisia. Nikawa nasoma 50 huku nakwenda 62. Nilipigwa tochi ya trafiki nikiwa na imani kabisa kwamba niko ndani ya sheria.

Mwana wa Kihonda

Shikamoo mama Nuru, ahsante sana. Baba ana miaka 66 na ndiye huendesha tukiwa Iringa, sikuwahi kumwaza katika hili. Bluu nazirudisha dukani, wakikataa nampa mtu.

Fundi Waya, je mishale isiguswe kabisa? Na uso mweupe?

Fundi Waya

Isiguswe kama huna sababu. Kuweka uso mpya ni lazima mshale utoke, ndiyo maana na uso sikushauri. Uso mweupe mchana unapendeza, usiku nyuma yote inang'aa na inakupiga machoni. Ungekuwa na gari la maonyesho ningekwambia fanya. Wewe unapita Mikumi usiku.

Anayelazimika kung'oa: washa swichi kwanza mshale utulie, kisha uunyanyue uruke kile kijiti cha kuuzuia pale sifuri, uache ushuke wenyewe mpaka unapopumzika. Weka alama hapo kwa kipande cha tepu. Hiyo ndiyo sehemu utakayourudishia. Vuta kwa vijiko viwili, kimoja kila upande, ukiwa umetandika kitambaa, unyanyuke wima. Ukimaliza linganisha na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, mwenzako akiisoma, kwa spidi 50 na kwa 80.

Kilindini

Salaam kutoka Mombasa. Hapo kwa geji ya joto ndugu yangu nina jambo, kwa sababu yangu ilinisumbua mwezi mzima.

Ulilosema ni kweli. Toyota nyingi mshale wa joto umetengenezwa ukae katikati kwa nyuzi nyingi, dereva asibabaike. Thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwa rejeta) ya injini kama yako hufunguka karibu nyuzi 82 na feni huvuta maji yakipita 90. Kwa mshale wako hapo kote ni palepale. Utakapouona unapanda, joto lishapita kiasi.

Nunua geji ya umeme yenye namba, pamoja na adapta ya chuma, ile inayoingizwa katikati ya bomba la juu la rejeta likishakatwa. Sensa unaifunga kwenye adapta. Sasa sikiza: bomba ni mpira. Adapta ikikaa kati ya mpira na mpira haina hasi kabisa, na sensa ya waya mmoja inategemea hasi kutoka kwa chuma ilipofungwa. Yangu ilikuwa inasoma vituko, mara 40, mara kufa. Nimebadilisha geji, nimebadilisha sensa. Mwisho jirani akafunga waya mmoja kutoka kwa adapta hadi kwa injini, mambo yakawa sawa dakika hiyohiyo. Na usizungushe tepu nyingi nyeupe ya bomba kwa sensa, inakata hasi vilevile.

Moto (chanya) wa geji uchukue pahali panapowaka na swichi, uweke fyuzi yake ndogo. Waya wa taa yake uunganishe na waya wa taa za klasta ili ifuate dimu. Usiende moja kwa moja kwa betri. Waya unaopita ukuta wa injini uvalishe mpira, chuma kile kinakata kama wembe.

Fundi Waya

Kilindini umemaliza. Naongeza tu kwamba geji isikae mbele ya kioo ikaziba barabara, wala pale eabegi ya abiria inapofungukia. Nguzo ya kulia ya kioo, chini, panatosha.

Mwana wa Kihonda

Narudi na majibu wakuu, wiki tatu baadaye.

Kijani kilikuwa cha kofia za mpira. Nilizivua, nikaweka LED nyeupe yenye joto, zile za ubavuni. Soketi mbili zilikuwa zimeungua, nikapata nyingine kwenye klasta mbovu kutoka Gerezani, Dar. Balbu ya chaji nimeiacha ileile. Mishale sikuigusa. LED mbili zilikataa kuwaka, nikazigeuza zikawaka. Namba ya 60 ilikuwa inang'aa kuliko wenzake, nikasugua ile LED kwa msasa, ikatulia. Hela ilitosha na chenji ikabaki.

Geji ya joto iko nguzo ya kulia, na waya wa hasi kwenye adapta nimeufunga siku ya kwanza, ahsante Kilindini. Jumamosi nimepanda Kitonga nyuma ya semi iliyobeba simenti, gia ya pili karibu njia yote. Imepanda 88, 92, 95, karibu na juu ikagusa 97. Nikazima AC, feni ikaendelea kuvuta, ikarudi 91. Muda wote huo mshale wa kiwandani haukusogea hata unywele.

Jana usiku baba ameendesha kutoka mjini mpaka nyumbani. Alizungusha dimu ikashuka karibu robo, akaendesha kimya. Tulipofika akaniuliza kama na gari la mjomba linaweza kufanyiwa hivyo. Ni Corolla 100, ina kebo ya spidi. Fundi Waya, utaratibu ni uleule?

Fundi Waya

Uleule, ila kebo ichomolewe nyuma ya klasta kabla hujaivuta. Ikigoma, ilegeze kwanza upande wa injini upate nafasi. Msalimie mzee.