Paka yuko kwenye kolshiti, mie siko

KeboBegani:

Niko ndani ya tuktuk saa hii natoka Mji wa Kale, mikono yanuka dizeli ya jenereta, tumbo tupu, na nimeudhika mpaka simu naishika kama jiwe, kwa hivyo mkiona herufi zimekosewa jueni ni hasira.

Nyote mwamjua. Sitaji jina. Yule yule wa kofia, yule wa "vijana wangu", ambaye kila baada ya muda huita kikao awafundishe watu vile wataingia kazi ya filamu. Mie nimeenda vikao 3. Nikaandika daftari zima. Anza chini. Usiulize pesa siku ya kwanza. Fika mapema kuliko saa uliyoambiwa. Usikalie kiti cha direkta. Beba kebo kabla hujatumwa. Sasa nimebeba! Nimebeba mpaka bega moja limeshuka kuliko lenzake, mamangu aniuliza kama nimeajiriwa bandarini.

Leo ni siku ya 3 ya shuti. Saa 11 alfajiri nishafika, hata wauza mahamri hawajawasha moto. Kazi yangu ni kuziba kichochoro, yaani kamera ikianza kurekodi mie nawazuia wapita njia. Haya, wewe nenda kamzuie shangazi wa Kibokoni asiingie nyumbani kwake na mbaazi ziko motoni! Nimetukaniwa ukoo mzima, nimepigwa na kapu, na wa sauti naye kila tukitulia asimamisha tena, mara bodaboda, mara upepo wa kusi wapiga kwenye maiki, mara adhana (hiyo sawa, hiyo twangoja sote). Nimevumilia.

Saa 8 chakula. Pilau. Nimeshika sahani, si kwamba niko foleni, NIMESHIKA, kachumbari juu, pande la nyama lanitazama. Akaja. Akaichukua mkononi mwangu, ati "hii imehesabiwa". Namwambia bosi, mie niko hapa tangu alfajiri. Akatoa kolshiti mfukoni, ile karatasi ya majina ya wote walio kazini siku hiyo, akaikunjua mbele ya watu kama 40, akaweka kidole:

"Waona hapa? Paka yuko kwenye kolshiti. Wewe hauko."

Na ile nyama akampa paka. PAKA. Paka wa mtaani ambaye jana alikuwa alala kwenye mtaro, leo ni kasti. Na kinachoniuma zaidi hata hakuila, aliinusa akaenda zake.

Mwembe_Kuku:

😂😂😂 pole ndugu yangu lakini nimecheka mpaka nimeamsha mtoto. Paka ana wakala?

MzeeWaTaa:

Kijana, pole, lakini sikiza. Mie nimefunga taa miaka mingi. Kolshiti hutoka usiku kabla ya shuti, na ndiyo inayohesabu sahani, gari, kila kitu. Jina lako likikosekana wewe ni mpita njia ambaye amepotea akaingia seti. Hata jenereta ikikuangukia mguu hakuna anayekujua. Siku ya kwanza jioni ungemfuata msaidizi wa direkta, umwambie kwa adabu "nitie kwenye kesho", umpe jina na namba. Usingoje huyo wa kofia.

KeboBegani:

Mzee wangu nashukuru, ila daftari langu lasema "usiulize maswali mengi, onekana". Nimeonekana! Nimeonekana na watu 40 nikinyang'anywa sahani!! Aliikunjua ile karatasi pole pole mzee. POLE POLE. Kama asoma wosia.

Bi_Kamera:

Nyinyi mwalia na pilau. Mie hupiga video za arusi, juzi nimesimama tangu saa 4 mpaka usiku, nimemaliza kukata kazi yote, mamake bibi arusi yuwaja aniambia nimtoe wifi yake kwenye video nzima. Nzima! Na wifi mwenyewe ndiye alikuwa ashika shada. Nimtoe vipi, nimgeuze pazia?

Mwembe_Kuku:

mgeuze paka

Maiti_wa_Kisauni:

Angalau wewe ulisimama kwenye kivuli cha kichochoro. Mie niliitwa niigize maiti ufukweni, saa 7 jua la utosi, masaa 4 nimelala kwenye mchanga kaa wapita juu ya mguu, nikipumua direkta apiga kelele "maiti yuwapumua!" Ntaacha kupumua kwa hizo pesa? Na mpaka leo sijalipwa hata ya matatu. Maiti hadai.

KeboBegani:

lakini ulikula?

Maiti_wa_Kisauni:

nilikula, nilikuwa kwenye kolshiti

KeboBegani:

🚮

Droni_ya_Pwani:

Shida yenu hamna ujuzi wa kisasa. Nunua droni, uwe bosi wako. Mie wiki ijayo naipaisha juu ya Ngome ya Yesu, nipate ile picha ya jua lazama.

MzeeWaTaa:

Una kibali cha KCAA, wale wa usafiri wa anga? Na hao wa makumbusho umewaambia? Na jua Mombasa halizami baharini, lazama bara, wewe umezaliwa wapi? Hiyo ngome iko pale tangu miaka ya 1590, Wareno wamekuja wameondoka, Waomani wameondoka, itakushinda wewe na hako kapanga boi kako.

Droni_ya_Pwani:

Sijasema yazama baharini, usinilishe maneno

Mwembe_Kuku:

mlisheni yeye basi, paka ashaikataa

Bi_Kamera:

Turudi kwa wifi jamani, kuna mtu ajua kuziba uso ukawa kama moshi? Mama mtu ashapiga simu mara 6 tangu magharibi.

Jirani_Kibokoni:

Samahani, huyo paka ni wa rangi gani? Ana doa jeusi sikioni? Kama ndiye, huyo ni wetu, na hakuna aliyetuuliza wala kutupa hata mia. Wa kofia tukimwona kesho atajua.

Maiti_wa_Kisauni:

Jirani dai mapema, usingoje kama mie.

Taa_Mitumba:

Habari za jioni wakuu, nauza stendi 2 za taa na kebo mita 50, hazijakaa sana, niko Kongowea. Mwenye haja aje inboksi.

KeboBegani:

kebo ni nzito hiyo? bei ya mwisho ngapi